Neno la Kijiji Lifike Halmashauri: Matumizi ya Ardhi na Fedha za Ajira za Muda

(Hotuba ya idara yetu ya maendeleo kwenye semina ya kamati za parokia iliyofanyika Mbinga mjini. Tumeifupisha kidogo kwa ajili ya jarida hili.)

 

Tumeombwa tuzungumzie mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa siku mbili tofauti. La kwanza ni utaratibu wa kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji. La pili ni fedha za umma zinazotolewa ili wananchi wapate kazi za muda na mitaji midogo. Hata kwenye halmashauri mambo haya hufika kwa milango tofauti: ardhi inaletwa na idara ya ardhi, ajira za muda zinaletwa na mratibu wa TASAF, na mikopo ya vikundi inaletwa na maendeleo ya jamii. Leo tunapenda tuyaweke kwenye meza moja, kwa sababu kwa mwananchi wa kijijini ni jambo moja. Jembe halilimi hewani. Kila mfereji unaochimbwa kwa fedha za umma unapita kwenye ardhi ya mtu, na kila mti unaopandwa unasimama kwenye shamba ambalo lina mwenyewe.

Tunataka mtoke hapa na neno moja tu. Kijiji ambacho hakijakaa mkutano wake, kikakubaliana, kikaandika na kusaini, hakina neno la kupeleka halmashauri. Na kijiji kisicho na neno hupangiwa na wengine.

Tulipo sasa

Wengi wenu mnaikumbuka Mbinga ya zamani, wilaya moja iliyoanzia milima ya kahawa hadi kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Mwaka 2012 Nyasa ilitoka ikawa wilaya inayojitegemea, makao makuu yake Mbamba Bay. Baadaye Mbinga mjini nako kukapata halmashauri yake ya mji. Hivyo eneo ambalo zamani lilikuwa na baraza moja la madiwani leo lina mabaraza matatu. Kwa upande mmoja hii ni baraka, maana huduma zimesogea. Kwa upande mwingine, ndugu ambao mashamba yao yanapakana wanaweza kujikuta wanasimamiwa na halmashauri mbili, kila moja na bajeti yake na taratibu zake.

Aidha, barabara ya lami sasa inafika Mbamba Bay kutoka Mbinga, mwendo wa kilomita 66 hivi, milima ile ambayo malori yalikuwa yakilala njiani wakati wa masika. Makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa mwaka 2011. Mpango wa ushoroba wa maendeleo wa Mtwara, wenye reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, umezungumzwa kwa miaka mingi. Hatuna ugomvi na maendeleo hayo, tuliyaomba wenyewe. Lakini barabara inapofika, kiwanja ambacho jana hakikuwa na bei leo kina wateja. Na mteja huja na karatasi. Swali ni kama kijiji nacho kina karatasi yake.

Mpango wa matumizi ya ardhi si jambo geni kwetu

Kuna watu wanaodhani kwamba kupanga ardhi ni jambo lililoletwa na wataalamu na mafunzo ya siku tatu. Tuwakumbushe ngoro. Wamatengo walikuwa wakilima ngoro kabla ya Mjerumani kuingia nchi hii. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika majani yale, na shimo linabaki. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuukimbiza udongo bondeni. Majani yanaoza na kuwa mbolea. Maharage yanapandwa, kisha mahindi, na mlima mkali unaendelea kulisha watu kizazi baada ya kizazi.

Ngoro haikusimama peke yake. Kulikuwa na ntambo, yaani eneo la mlima lililo kati ya vijito viwili, lililoshikwa na ukoo mmoja. Ukoo ulijua wapi ni msitu, wapi ni shamba, wapi ni nyumba na wapi ni chanzo cha maji. Huo ulikuwa mpango wa matumizi ya ardhi. Haukuwa na ramani, lakini ulikuwa na wazee waliokaa na kukubaliana.

Kilichobadilika ni kwamba ukoo mmoja hauwezi tena kuamua peke yake. Watu wameongezeka, vijana wamehamia, kahawa imechukua nafasi kubwa, na sheria imeweka mamlaka mikononi mwa kijiji kizima. Kwa hiyo makubaliano yaliyokuwa yakifanyika kwa mdomo kwenye ukoo yanatakiwa yafanyike kwenye mkutano mkuu na yaandikwe.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inasema mambo ambayo kila mjumbe wa kamati anapaswa kuyajua kama anavyoijua njia ya kwenda nyumbani kwake.

Kwanza, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini. Si mwenye mali. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kutangulia. Mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, kuanzia miaka 18, wanawake kwa wanaume.

Pili, ardhi ya kijiji ina mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi ya watu na familia, na ardhi ya akiba kwa ajili ya baadaye. Mwalo, malisho na chanzo cha maji kwa kawaida ni vya fungu la kwanza, na hilo liandikwe mapema.

Tatu, hati ya hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa mjini. Mtu asije akakudanganya kwamba hati yako ni ya daraja la chini.

Nne, mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba linatakiwa kuwa na wanawake wasiopungua watatu.

Tano, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ya matumizi mengine ya umma, na ukubwa wake hauzidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyazingatia maoni ya mkutano mkuu. Katika hali zote mbili kijiji kinasikilizwa, kama kina cha kusema.

Baadaye ikaja Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, ambayo inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kupanga. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi imeweka mwongozo wa hatua sita, kuanzia maandalizi na kujua hali ya kijiji, kupima na kuchora matumizi yaliyopo, kukubaliana juu ya matumizi yajayo, hadi utoaji wa hati na usimamizi wa kila siku. Wilaya inaleta wataalamu, lakini kijiji ndicho kinachoamua.

Pamoja na hayo yote, kuna mlango mmoja ambao wengi wanausahau. Mpango unahitaji sheria ndogo, mfano faini kwa anayelima kwenye chanzo cha maji. Sheria ndogo za kijiji hazina nguvu mpaka zipitishwe na halmashauri ya wilaya. Hapo ndipo neno la kijiji linapoingia kwenye kikao cha madiwani, na hapo ndipo mengi hulala. Likiwa halina muhtasari safi, halina mahudhurio, halina saini, linarudishwa. Na likirudishwa bila mtu wa kulifuatilia, linakaa kabatini.

Kosa letu sisi wenyewe

Tusije tukaonekana kana kwamba tunawafundisha wengine huku sisi tukiwa safi. Miaka kadhaa iliyopita tulikisaidia kijiji kimoja cha mwambao kuandaa mpango wake. Jina lake tunalihifadhi. Tulikuwa na fedha za miezi kumi na miwili, na miezi saba ilikuwa imeshapita. Tukaharakisha. Tulikodi gari, tulilipa posho za wataalamu, ramani ikachorwa kwa rangi nzuri. Kwenye ripoti tukaandika kwamba mpango mmoja umekamilika.

Mkutano mkuu ulifanyika, ndiyo. Lakini ulifanyika wakati usipa umejaa ziwani. Wavuvi hawakuja, na akina mama wanaokausha samaki walikuwa mwaloni. Waliobaki ukumbini walikuwa wachache, na walikuwa wakulima wa upande wa juu wa kijiji. Walipoulizwa ule ufukwe unatumika kwa nini, mmoja akasema hapalimwi kitu. Basi ukaandikwa kwenye ramani kuwa eneo la uwekezaji.

Mwaka uliofuata akaja mgeni mwenye nakala ya ramani ile. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani karatasi ilimwambia kwamba eneo limetengwa. Wazee wawili na mama mmoja walikuja ofisini kwetu kwa miguu. Mzee mmoja akaitandaza ramani mezani, akatuuliza kwa upole, "Wanangu, chanja zetu za kuanikia usipa mmeziweka wapi kwenye karatasi hii?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia, "Mzee, tumekosea." Akasema, "Basi rudini tukae tena."

Tulirudi. Mkutano wa pili ulifanyika mwaloni kwenyewe, wakati wa mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazifanyi kazi na watu wako nyumbani. Akina mama ndio waliotembea na wataalamu, wakionyesha chanja zinaanzia wapi, mitumbwi inapandishwa wapi, na njia ya kuchotea maji inapita wapi. Mkutano mkuu ukafuta neno "uwekezaji" mahali pale ukaandika "mwalo wa kijiji". Mgeni aliambiwa, naye akaelewa. Kazi ambayo tulitaka kuimaliza kwa miezi mitano ilichukua zaidi ya miaka miwili, na ilitubidi tumwandikie mfadhili kwamba ripoti yetu ya mwanzo haikuwa sahihi.

Tulijifunza na jambo jingine. Sheria ya Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kijiji kinapoandika matumizi ya ufukwe wake, kiandike kwa kuifahamu sheria hiyo. Chanja zinazong'olewa na kuhamishwa si sawa na ukuta wa mawe na zege. Wenzetu wa milimani nanyi msikae mkicheka, maana mita hizo 60 zinahusu pia kingo za mito mnayolima mboga kiangazi.

Fedha za ajira za muda

Sasa tuje kwenye fedha. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000. Tangu awamu ya kwanza ulikuwa na sehemu ya kazi za umma, ambazo wananchi maskini hulipwa ujira kwa kufanya kazi zenye faida kwa kijiji: barabara za ndani, malambo, upandaji miti. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulipozinduliwa mwaka 2012, kazi hizo ziliwekwa kuwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka kwa kaya, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku. Katika kipindi cha pili, kilichozinduliwa mwaka 2020, ujira uliwekwa shilingi 3,000.

Tufanye hesabu pamoja. Siku 60 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 180,000. Kwa kaya inayomaliza unga wa mihogo kabla ya mavuno, hiyo si fedha ndogo. Ni sare za shule, ni mbuzi, ni bati kadhaa. Lakini tuangalie na upande wa pili wa hesabu. Chukua kijiji chenye kaya 40 za walengwa wenye uwezo wa kufanya kazi. Kaya 40 kwa siku 60 ni siku 2,400 za kazi kwa mwaka mmoja. Ni nani kati yetu amewahi kuwa na siku 2,400 za vibarua kwenye shamba lake? Nguvu kazi hiyo inaweza kuponya mlima. Vile vile inaweza kuuharibu.

Tumeona yote mawili. Katika kijiji kimoja cha milimani wananchi waliomba barabara, na haki yao, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakibebwa kwa machela. Ikachimbwa moja kwa moja kuteremka mlima, kwa kuwa hapakuwa na ramani iliyoonyesha ngoro ziko wapi na maji yanapita wapi. Masika ya kwanza barabara ikawa mto. Maji yakaingia kwenye ngoro za mama mmoja mjane, mashimo yakajaa mchanga, na maharage yake yote yakaenda bondeni. Walengwa walikuwa wamelipwa ujira wao, daftari lilikuwa sawa, na taarifa iliyosomwa kwenye kikao ilisema mradi umekamilika. Hakuna aliyeiba hata shilingi moja. Lakini mama yule alilipa mradi kwa shamba lake.

Baadaye kijiji kilikaa. Kikachora ramani yake, kikaonyesha chemchemi, ngoro na mikondo ya maji. Mradi uliofuata ulikuwa wa kuchimba makingamaji kuzunguka mlima, kupanda majani kwenye kingo, na kuipindisha barabara ile ipite kwenye mgongo wa mlima. Watu walikuwa wale wale, majembe yale yale, ujira ule ule. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii ardhi ilizungumzwa kabla ya fedha.

Kwa hiyo tunasema: kabla mkutano wa kijiji haujachagua mradi wa ajira za muda, utundike ramani ya matumizi ya ardhi ukutani. Na mradi ukipita kwenye shamba la mtu, makubaliano yaandikwe na mwenye shamba asaini, mume na mke. Miti iliyopandwa bila makubaliano huzaa kesi kabla haijazaa kivuli.

Fedha za halmashauri yenyewe

Kuna mfuko mwingine ambao kamati nyingi zinausahau. Kila mkulima wa kahawa aliye hapa huchangia ushuru wa mazao. Ushuru huo ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024.

Hapa napo ardhi inarudi kwa mlango wa nyuma. Kikundi cha vijana kinapata mkopo wa kufyatua matofali, lakini hakina mahali pa kufyatulia. Kikundi cha akina mama kinapata mkopo wa biashara ya samaki, lakini mwalo umeshauzwa. Fungu la ardhi ya akiba limewekwa na sheria ili kijana wa kesho awe na pa kusimama. Kijiji kikigawa akiba yote leo, mkopo wa kesho utakuwa deni tu.

Tuwakumbushe pia wenzetu wa maeneo yaliyoingizwa mjini. Kijiji kikiwa mtaa, mkutano mkuu wa kijiji hauna tena mamlaka yale ya ardhi tuliyoyataja. Upangaji unakwenda kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, na uamuzi uko kwenye halmashauri ya mji. Msisubiri kuona vigingi vya mpima. Mipaka ya mji inapojadiliwa ndipo mnapotakiwa kuwa na hati zenu mkononi, na kuuliza mashamba ya kahawa yaliyomo ndani ya mpaka yatahesabiwaje.

Wenzetu walifanyaje

Mwaka 2005 India ilitunga sheria iliyoahidi siku 100 za kazi za ujira kwa mwaka kwa kila kaya ya kijijini iliyoomba. Kiasi cha siku kilitangazwa sana, lakini sisi tunaona funzo liko kwingine. Sheria ile iliupa mkutano wa kijiji kazi mbili: kupendekeza miradi mwanzoni, na kuikagua hadharani mwishoni, madaftari yakiwa yamefunguliwa. Haikuwaondolea matatizo yote, na malipo yalichelewa mara nyingi. Lakini mahali ambapo mkutano ulikaa kweli kweli, jina la marehemu kwenye orodha ya malipo lilionekana siku ile ile, kwa sababu majirani walikuwepo. Jambo hilo halihitaji fedha za mfadhili. Linahitaji watu kuja mkutanoni.

Tunaomba nini kwa kamati za parokia

Hatuwaombi mchukue kazi ya serikali ya kijiji. Tunawaomba mambo matano.

1. Matangazo ya mkutano mkuu wa kijiji yasomwe kanisani na kwenye jumuiya, pamoja na ajenda zake. Na pale ambapo kuna msikiti au kanisa jingine, wapelekeeni tangazo hilo hilo. Ardhi ya kijiji haina dhehebu.

2. Hakikisheni mkutano unaitishwa wakati watu wapo. Mwambao waangalie mwezi na usipa. Milimani waangalie msimu wa kuchuma kahawa.

3. Awepo mtu mmoja katika kila kamati anayefuatilia muhtasari: umeandikwa, umesainiwa, umefika kata, umefika wilaya. Karatasi isiyofuatiliwa hulala.

4. Hudhurieni kikao cha baraza la madiwani. Baraza hukaa kila robo mwaka, na kikao chake ni cha wazi. Kaeni kwa utulivu, andikeni kilichosemwa kuhusu kata yenu, mrudi kuwaeleza wananchi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti hujadiliwa miezi mingi kabla. Anayeanza kuuliza mwezi Juni amechelewa.

5. Parokia zianze na mashamba yake. Sisi taasisi za dini nasi ni wamiliki wa ardhi, pengine tangu enzi za wamisionari, na si kila mpaka wetu unajulikana kwa majirani. Hatuwezi kumwambia mwananchi aweke mpaka wake mezani huku sisi tumeficha wa kwetu. Onyesheni mipaka, sainini na majirani, na kama kuna kipande ambacho wananchi wanakililia, kizungumzwe mapema na kwa haki.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu wafadhili, mmetusaidia kwa miaka mingi, na tunawaheshimu kwa kuwaambia ukweli. Ramani ni rahisi kuhesabu. Mkutano uliorudiwa mara tatu si rahisi kuuhesabu, na kwenye ripoti unaonekana kama ucheleweshaji. Lakini katika kazi hii kuchelewa kwa namna hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tunaomba fedha za mipango ya ardhi ziwe za muda usiopungua miaka mitatu, na zihesabu siku za kurudi kijijini baada ya ramani kuchorwa. Msituulize tu tumemaliza mipango mingapi. Tuulizeni ni mingapi ambayo sheria zake ndogo zimepitishwa, na ni mingapi ambayo akina mama wa kijiji wanaweza kuisimulia bila kuitazama karatasi. Huenda majibu yetu ya mwaka huu yatakuwa madogo kuliko mlivyozoea. Tuko tayari kuyaandika hivyo hivyo.

Kwa kumalizia

Wamatengo walikuwa na sengu. Ndugu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, na chakula kikiwa katikati walizungumza habari za mashamba, watoto na ugomvi wa mipaka. Hakuna aliyekula amejificha, na hakuna aliyeamua amejificha. Aliyekosekana aliulizwa, na aliyekuwa na njaa alionekana kwa macho.

Mkutano mkuu wa kijiji ni sengu yetu ya leo, na baraza la madiwani ni sengu iliyo kubwa zaidi. Ardhi iko katikati kama ugali, na fedha za umma ni mboga yake. Tukikaa wote, itatosha. Tukiwaachia wachache wakae kwa niaba yetu, tusishangae tukifika na kukuta sufuria imeshaoshwa.

Mkutano mkuu wa kijiji chako ni lini? Asiyejua tarehe, aulize leo kabla hajapanda gari.